MREJESHO: Kimchi ya dukani isiyo na samaki wala uduvi

Wadau, mwezi uliopita niliuliza kama kimchi (kabichi ya Kikorea iliyochachushwa kwa chumvi na pilipili) ya dukani isiyo na samaki ina ladha yoyote, na kama kweli inasaidia tumbo. Mimi uduvi ukinigusa tu, midomo inavimba, na kimchi ya kawaida ya Kikorea mara nyingi hutiwa uduvi wa chumvi au sosi ya samaki.

Nilimfuata aliyesema nichukue ya kwenye friji, sio ya kopo lililochemshwa, maana moto unaua bakteria wale wa uchachu. Siku ya kwanza niliona kama kachumbari ya kabichi iliyotiwa pilipili, basi. Nikairudisha kwenye friji. Baada ya wiki mbili, aisee! Ukali wa ndimu, tangawizi inapanda puani, kabichi bado inalia kachu. Kwa wali na maharage sitaki tena achari. (Ifungulie kwenye sinki, inaruka. Shati langu jeupe ni shahidi.)

Tumbo sasa. Choo kimekuwa laini, ila wiki hizo hizo niliongeza maji na maharage, kwa hiyo siwezi kuipa kimchi sifa zote. Ushauri wa kuila asubuhi kabla ya chochote ulinishinda: kiungulia siku mbili mfululizo. Na yule aliyenionya kuhusu chumvi, asante sana. Mama ana presha, nimempimia vijiko viwili tu, amenuna.