Bosi shabiki wa Auburn anashangilia Alabama, na sendofu yetu ya Novemba

Kutoka: Birmingham, Alabama

Wakubwa shikamooni, wadogo habari. Nina miezi mitano hapa, nafanya zamu ya usiku ghalani. Msimamizi wangu ni shabiki wa kufa mtu wa Auburn, timu ya chuo kwenye futiboli ya Kimarekani: kofia, kikombe, hata kamba ya funguo, vyote bluu na chungwa. Chuo Kikuu cha Alabama, watani wao wa jadi, kikitajwa ananuna. Sasa juzi Alabama wanacheza na timu ya Big Ten, ligi nyingine ya vyuo, wengi wa kaskazini, namkuta chumba cha mapumziko anapiga meza, "S-E-C! S-E-C!" Hiyo SEC ni ligi ya vyuo vya kusini, Alabama na Auburn wote wamo. Nikabaki mdomo wazi.

La pili, sendofu ya mdogo wangu ni Jumamosi inayofuata Sikukuu ya Shukrani. Ukumbi tumeupata kwa bei chee. Kuna ubaya?

Kutoka: Atlanta

Marahaba. Bei ni chee kwa sababu siku hiyo kwa kawaida ndiyo Iron Bowl, mechi ya watani Alabama na Auburn. Wageni wenu wa kazini hawaji, na wakija watakaa na simu mezani. Jumamosi ya kwanza ya Desemba nayo iepukeni, ni fainali ya SEC huku kwetu. Fanyeni Jumapili.

Msimamizi wako si mnafiki. Vyuo vya daraja la juu ni zaidi ya 130, na kila kimoja kinacheza mechi 12 hivi, kwa hiyo wengi hawakutani kabisa. Wa kuingia mchujo wa kutafuta bingwa wa nchi hupangwa na kamati ya watu 13, nao huangalia umecheza na nani. Alabama ikimpiga wa kaskazini, SEC nzima inapanda bei, na Auburn akifungwa na Alabama anahesabiwa kafungwa na mkubwa. Ni kama Simba na pointi za CAF. Msimu wa 2021/22 Tanzania ilipeleka timu nne Afrika, na pointi nyingi zilikuwa jasho la Simba. Yanga naye akala humo humo. Ila Mwanayanga hata umpe nafasi kumi, Simba akicheza atavaa jezi ya wageni tu!

Kutoka: Tallahassee, Florida

Kaka, unaipamba mno hiyo kamati. Sisi 2023 tulikaa matanga. Timu yetu, Florida State, mechi 13, ushindi 13, mabingwa wa ligi yetu ya ACC. Kwotabeki wetu, yule mrusha mpira anayeongoza mashambulizi, Jordan Travis alishaumia mguu Novemba, kamati ikasema timu si ile tena, nafasi ya nne, ya mwisho wakati huo, ikaenda kwa Alabama aliyekwisha kufungwa. Jirani yangu alikuwa ameshatoa jiko la mkaa uani. Alilirudisha stoo bila kuliwasha, hatukusalimiana siku mbili.

Na msiniletee ile 63–3 tuliyopigwa na Georgia wa SEC kwenye Orange Bowl, mechi ya kufunga msimu nje ya mchujo, wachezaji wetu wengi hawakushuka uwanjani. Desemba hiyohiyo chuo kikaishtaki ACC, kikitaka njia ya kutoka.

Kutoka: Atlanta

Dada, hapo sibishi, mlidhulumiwa. Tangu 2024 wanaingia 12, na mabingwa watano wa ligi wana nafasi zao. Msimu huo Alabama akaachwa, SMU wa ACC akaingia, akapigwa 38–10 na Penn State wa Big Ten. Ofisini kwetu watu wa SEC walitembea na hayo matokeo wiki nzima, utadhani wao ndio walioshinda.

Kutoka: Birmingham, Alabama

Ahsanteni sana. Tumehamia Jumapili. Mwenye ukumbi kacheka, kaongeza dola 200.