Mrejesho: ule utando wa kahawia kwenye chumvi ya akwaria ya matumbawe

Wakuu, habari. Niliuliza kuhusu utando unaobaki kwenye pipa kila nikichanganya chumvi ya bahari ya kutengenezwa, kama unadhuru matumbawe ninayofuga kwenye akwaria (tangi la maji). Ahsanteni mliojibu, hasa mkuu aliyesema nijaribu siki.

Nilimwaga maji, nikaacha mashapo yakauke, nikayadondoshea siki nyeupe. Yale magamba meupe yaliyong'ang'ania hita yalitoa povu yakayeyuka. Hiyo ni kalsiamu kaboneti (madini kama ya chokaa, hutoa povu ikikutana na siki), imeganda kutoka kwenye maji yenyewe. Unga wa kahawia haukufanya chochote. Ukiusugua kwa vidole unateleza, kwa hiyo nakubaliana na waliosema ni udongo wa mfinyanzi tu. Magnesi na kalsiamu za chumvi hizi nyingi hutoka migodini au kwenye maziwa ya chumvi, na takataka kidogo za huko huja nazo. (Neno "safi" kwenye ndoo ya chumvi ni la biashara.)

Sasa naweka maji kwanza, pampu inazungusha, namimina chumvi taratibu. Hita naiwasha chumvi ikishayeyuka. Weupe umepungua sana. Kahawia ipo vilevile. Naacha itulie, navuta maji ya juu, ya chini namwaga.

Nimepima mchanganyiko ukiwa na chumvi gramu 35 kwa kilo: kalsiamu miligramu 420 kwa lita, alkalini (uwezo wa maji kuhimili asidi) 8 dKH. Sina shida nao. Matumbawe yamefunguka kama kawaida, na ndoo hii naimaliza.