Acheni kusambaza orodha za "episodi za kuruka" za Eureka Seven, mnawaharibia watu hadithi

Wakuu, hii tabia ifike mwisho. Kila mgeni akiuliza aanzie wapi Eureka Seven, ile anime (katuni ya Kijapani) ya roboti, hazipiti dakika kumi anarushiwa ile orodha: "Angalia 1 na 2, ruka mpaka 12, ruka 21 mpaka 25, ruka 39, malizia." Mnaisambaza kama dawa. Baada ya wiki mbili mgeni yuleyule anarudi na malalamiko: Renton, kijana mhusika mkuu, analialia tu, Holland, kiongozi wa meli, hana akili, Eureka, msichana rubani, hana hisia, sasa haya mapenzi yametoka wapi? Yametoka kwenye episodi mlizomwambia aruke!

Kuanzia hapa navujisha hadithi. Ambaye hajaangalia akaangalie kwanza, zote 50.

Tuanze na hesabu, maana wengi mnajitetea kwa muda na bando. Studio ya Bones iliitengeneza, ikarushwa kuanzia Aprili 2005 hadi Aprili 2006, kila episodi kama dakika 24. Jumla ni saa 20. Ukiruka 21 mpaka 25 umeokoa saa mbili. Saa mbili, kwa gharama ya mhusika mkuu mzima! Kama shida ni bando, shusha picha mpaka 480p. Hii ni kazi ya televisheni ya miaka ile, kwenye simu hupotezi kitu cha maana.

Sasa mniambie, mnaposema "hakuna kinachotokea" mnaangalia nini? Mnahesabu mapigano. Mkurugenzi Tomoki Kyoda na Dai Sato, aliyesimamia mpangilio wa hadithi, waliweka mabadiliko ya watu mahali pengine. Angalieni viti. Nirvash typeZERO, roboti kubwa la Eureka, ina viti viwili, ubavu kwa ubavu. Mwanzoni Eureka ndiye anayeendesha, na Renton, mtoto wa miaka 14 aliyetoka gereji ya babu yake Axel kule Bellforest, ni abiria aliyeleta kifaa cha Amita Drive. Amekaa pale akidhani kukaa kwenye kile kiti ndiko kuwa shujaa. Kuanzia hapo, kila mara jiulize: nani ameshika usukani, nani yuko kando, na kiti gani kiko kitupu? Ukifanya hivyo, zile episodi "za kujaza" zinaanza kusema.

Njoo kwenye 20. Eureka ameumia, kiti chake kiko kitupu, Renton anaendesha peke yake. Anapigana kwa furaha, anazirarua mashine za jeshi kama anacheza mchezo wa kompyuta. Halafu anaona mkono uliokatika wa rubani wa adui. Hapo ndipo anapoelewa kwamba ndani ya zile mashine muda wote kulikuwa na watu. Hakuna hotuba, hakuna wa kumbembeleza. Kwenye 21 anaondoka melini, yaani kwenye Gekko, meli ya Gekkostate, kundi la Holland. Halafu ninyi mnamwambia mtu akatie hapo hapo! Mmemwacha mtoto kwenye damu, kisha mnashangaa kwa nini kwenye 26 ni mtu mwingine.

Kati ya 22 na 24 anaokotwa na Charles na Ray Beams. Ni watu wazima wa kwanza katika hadithi nzima kumlisha, kumsikiliza na kumsifia bila kutaka kitu kwake. Wanataka awe mtoto wao. Ray hawezi kuzaa tena, na anamchukia Eureka kwa sababu hiyo. Kisha inajulikana kwamba hawa wawili wamekodiwa kuiwinda Gekkostate, na kijana anatakiwa achague.

Linganisheni kuondoka kwake mara tatu, ndiyo kazi yote ya Renton hii. Bellforest aliondoka kwa kuchoshwa na mji. Kwenye Gekko aliondoka kwa hofu na aibu. Kwa Charles na Ray anaondoka mahali anapopendwa, kwa hiari, huku akiwaaga usoni, ili arudi mahali alipokuwa akipigwa, kwa ajili ya Eureka. Ukikata ile ya tatu, mbili za kwanza zinabaki utoro wa mtoto mkorofi. Na 25, ambayo haina hata pambano moja la maana, inamkutanisha na mume anayemhudumia mkewe aliyepatwa na ugonjwa wa kukata tamaa, mke asiyemjibu neno. Renton anamwona mtu anayependa bila kulipwa. Akitoka pale anajua anarudi kufanya nini.

Aliyeruka anafika 27 na 28 anaona maadui wawili wapya wanavamia meli na kuuawa. Kwake ni pambano zuri, basi. Aliyeangalia anaona Holland akimuua baba wa pili wa Renton, kisha anawaona wote wanarudi kuishi ndani ya meli moja. Picha ni zilezile, hadithi ni mbili tofauti.

Na Holland, jamani. Ndiyo, anamwonea mtoto. Ndiyo, anampiga. Hadithi inataka umchukie nusu nzima! Alikuwa mpenzi wa Diane, dada yake Renton, na anamwonea wivu kijana kwa sababu Nirvash na Eureka wanamwitikia kijana, si yeye. Wakati Renton hayupo ndipo Talho, mpenzi wake wa melini, anapomshika na kumwambia ukweli. Ukiruka, utaona mkorofi wa 20 amegeuka kaka mwema wa 29 bila sababu. Halafu mnasema waandishi wazembe.

Na kuna hili ambalo hamna jibu lake. Mwaka 2017 Bones walipotoa filamu ya kwanza ya Hi-Evolution, zile filamu mpya za Eureka Seven, walichagua nini kiwe moyo wake? Renton na Charles na Ray. Sehemu ileile mnayoiita ya kujaza! Na pamoja na picha zake nzuri, filamu inachechemea, kwa sababu imerukaruka mbele na nyuma katika wakati na imeacha nje maisha ya melini. Huwezi kuhisi uzito wa kurudi kama hukuona alikotoka.

Moja tu nawaachia: 39, ile ya mpira wa miguu. Imewekwa vibaya, inakuja wakati hadithi imeshika kasi kuelekea mwisho. Lakini hata hiyo ni dakika 24 tu, mvumilieni mtu aione mwenyewe na aamue.

Anayetaka mwongozo wa kweli, wimbo wa ufunguzi unabadilika kwenye 14, 27 na 40. Hizo ndizo robo. Lakini usipumzike kwenye 20 wala 21. Kuanzia 20 mpaka 28 angalia ndani ya siku tatu au nne, zinasomana. Usiongeze kasi ya video. Katika robo ya kwanza Eureka anasema maneno machache, na mengi yako katika muda anaokaa kimya kabla ya kujibu. Ukiweka mara moja na nusu umeufuta ule ukimya, kisha unalalamika hana hisia.

—

Chuma_Chakavu:
Mkuu, kwenye 20 mpaka 28 nakuunga mkono asilimia mia. Ila tusidanganyane, 3 mpaka 11 zinakera. Wanamtania dogo, wanamtuma, wanamcheka, meli inaishiwa pesa, tunazunguka. Mtu mpya akikata tamaa pale simlaumu. Ungeweza kuzibana hizo tisa ziwe nne na usipoteze kitu.

—

Rubani_wa_Zamu:
@Chuma_Chakavu unapoteza Eureka, ndicho unachopoteza. Katika hizo tisa yeye anaongea na Nirvash kama kiumbe hai, na anaona Nirvash inafurahi Renton akiwepo. Mwanzoni ndiyo maana anamtaka kijana melini, kwa ajili ya Nirvash. Baadaye hilohilo linageuka wivu na hofu: anahisi Nirvash haimhitaji tena, na yeye bila Nirvash hajui ni nani. Hofu hiyo ndiyo inayompeleka kwenye Scub Coral, kile kiumbe hai kilichofunika sayari, na kumjeruhi kwenye 18 na 19. Ukizibana ziwe nne, anaingia mle bila sababu.

Na angalia uso. Baada ya pale nywele zake ni fupi na ana alama usoni, na hazifutwi episodi inayofuata kama katuni nyingi zinavyofanya. Renton anampenda na uso ule. Wale watoto watatu anaowalea pia, ukirudia robo ya kwanza ukijua kwamba alikuwa askari katika mauaji yaliyowaacha yatima, kila anapowalaza unaumia.

—

Mwanzisha uzi:
@Rubani_wa_Zamu asante, hilo la wivu nililisahau na lilipaswa kuwa juu kabisa.

@Chuma_Chakavu nakubali zinakera, tena zimekusudiwa zikere. Renton ameijua Gekkostate kupitia jarida lao, ray=out. Zile episodi zinamvua lile jarida kurasa moja moja mpaka abaki na watu wa kawaida, wavivu, wenye njaa na makosa. Kama angewaona vile ndani ya episodi nne, asingekuwa na kitu cha kukimbia kwenye 21, maana asingekuwa amewazoea.

Na kuna Anemone, msichana wa jeshi anayeendesha roboti la typeTHE END, na Dominic, ofisa anayemwangalia. Kila mtu anaisifia 48, mnaikata vipandevipande mnaweka kwenye status, typeTHE END inageuka nyeupe, Dominic anaruka kumfuata. Sawa. Dominic yule amekuwa akimchoma sindano msichana huyo, akimtetemekea, akitii amri huku akijua ni mbaya, tangu robo ya kwanza. Anabadilika dakika mbili mbili, mara nyingi ndani ya episodi ambazo orodha yenu imezikata kwa sababu "Renton hapigani". Mtu akiruka zote hizo, Dominic wa 48 ni mwanajeshi asiyemjua anayeruka kutoka angani kwa ajili ya msichana asiyemjua.

Kuna aliyeniuliza faragha yuko kwenye 9 na anataka kuacha, afanye nini. Ndugu, fika 13 bila kuruka, kisha rudia 2 peke yake na uangalie jinsi Eureka anavyomtazama Renton mle ndani ya Nirvash. Kama hujaona tofauti yoyote, acha kwa amani, si kila kazi ni ya kila mtu. Ukiiona, endelea na 14.