Naomba ushauri: mbao za kuteleza juu ya mawimbi, Dodoma hadi Paje, Zanzibar

Wakuu, tupo wanne Dodoma, tunakwenda Paje msimu wa kusi. Wawili hawajawahi kusimama juu ya ubao. Hao nawapangia ubao wa sponji wa futi 8, ujazo wa lita 70 na zaidi kwa mtu wa kilo 75. Ubao mfupi huchelewa wimbi, kisha pua inazama. Mzoefu atosheke na futi 6.

Shida ni bamvua (siku ambazo maji hujaa na kupwa sana): maji yakipwa, mwamba hubaki na maji ya kina kidogo juu yake, mapezi ya chini ya ubao yanagonga. Wanaoanza waende siku za maji mafu (yasipojaa wala kupwa sana)?

Na usafiri: jua la kwenye keria ya juu ya gari huachanisha gundi ya ubao (nta inayopakwa juu yake ili usiteleze ndiyo usiseme, huyeyuka). Treni ya SGR wanapokea mzigo mrefu hivyo, au tukodi hukohuko?