Naomba ushauri: kuokoa kanda za kaseti za ujana wetu

Ndugu zangu, ninazo kanda za kaseti ambazo mimi na kaka yangu tulizirekodi ujanani kwa kuweka kinasa sauti mbele ya redio, na ninataka kuzihamishia kwenye kompyuta kabla hazijaharibika. Nyingi ni za dakika 90, yaani dakika 45 kila upande, ambazo utepe wake ni mwembamba kuliko ule wa dakika 60, hivyo nahofia usije ukanasa na kukatika. Moja imebanduka kile kipande kidogo kinachokandamiza utepe kwenye kichwa cha kusomea (sehemu ya mashine ya kaseti inayosoma sauti kwenye utepe), na sasa inatoa sauti iliyofifia sana.

Nyimbo zenyewe huenda zinapatikana kwenye intaneti. Ninachokitaka hasa ni yale yaliyonaswa pamoja nazo: mtangazaji anayekatiza wimbo, kaka akininong'oneza nisiguse kitufe, na mchakacho wa karatasi za peremende tulizokuwa tukigawana. Wanasaikolojia wamebaini kwamba watu wazima hukumbuka kwa wingi mambo ya umri wa takriban miaka 10 hadi 30, nami naamini, maana sekunde chache tu za kanda hizo hunirudishia ladha ya zile peremende mdomoni.

Je, niuhamishie utepe huo kwenye ganda jingine lenye skrubu, au nibandike kipande kipya palepale? Pia, aliyewahi kufanya kazi hii anieleze kama nihifadhi sauti kwa WAV (faili la sauti lisilobanwa) badala ya MP3 (lililobanwa ili liwe dogo), na namna salama ya kusafisha kichwa cha kusomea kabla sijaanza.