Naomba ushauri: saa ya kuzamia ya zamani, ing'arishwe au iachwe ilivyo?

Wakuu, salamu. Mjomba ameniachia Rolex Submariner ya miaka ya 1980, na kila nikiitazama naona kitu kipya. Ile pete ya juu, ambayo mzamiaji hupimia muda wake chini ya maji, inazunguka upande mmoja tu. Ikigongwa majini itapunguza muda uliobaki, haiwezi kuuongeza, kwa hiyo mzamiaji atapanda mapema badala ya kuchelewa. Akili kubwa kwenye kitu kidogo!

Sasa naipeleka kwa fundi. Mipira ya kuzuia maji itabadilishwa, hilo halina mjadala. Ila fundi anataka pia kuing'arisha kasha na kubadilisha uso na mishale, kwa sababu tritiamu, ile kemikali inayofanya alama za saa ziwake gizani, imeisha nguvu, haiwaki tena. Ni kweli, lakini vile vidoti vya kwenye uso vimegeuka rangi ya asali, na pete nyeusi imepauka hadi kijivu. Mimi naona ndiyo uzuri wake. Tena kasha likisuguliwa, kingo zake kali zinalika na hazirudi.

Waliowahi kufanyiwa kazi hiyo, mlijuta? Na nimwambieje fundi ili asiguse kasha kabisa?