Kaka kamaliza kifungo, wanamwambia hatapiga kura tena. Naombeni ushauri

Bibi Dagaa (Ujiji):
Wakuu, habari zenu. Kaka yangu alifungwa miaka miwili kwa wizi. Katumikia, katoka, na sasa anauza dagaa mwalo wa Kibirizi, anajituma kweli. Julai 2024, uboreshaji wa daftari la wapiga kura ulipozinduliwa hapa Kigoma, alikuwa ndani. Mtaani wanamwambia mfungwa haki zake ndiyo basi. Mpwa wetu kamwonyesha kwenye simu kwamba mpaka alipe faini zote ndipo aruhusiwe. Siku hizi hata mkutano wa mtaa haendi. Inaniuma sana. Aanzie wapi?

Mzee wa Mwanga:
Pole, dada. Sheria yetu ya uchaguzi ilimzuia anayetumikia kifungo kinachozidi miezi sita, na hata hicho kifungu Mahakama Kuu ilikitamka kuwa kinakinzana na Katiba, Desemba 2022. Kaka yako yuko nje, kamaliza. Hahitaji barua ya hakimu wala ya mkuu wa gereza. Daftari likifunguliwa, aende kituoni kama raia yeyote mwenye miaka 18.

Mha Halisi:
Hayo ya faini ni ya Florida, Marekani. Mwaka 2018 wananchi walipiga kura kuwarudishia haki waliomaliza adhabu, mwaka uliofuata bunge la jimbo likaweka sharti la kulipa faini na gharama za mahakama kwanza. Mwambie mpwa asome vizuri, kamkatisha tamaa mtu bure.

Bibi Dagaa (Ujiji):
Asanteni mno! Na kugombea je? Wenzake mwaloni wanamtaka aje awe mwenyekiti wa mtaa.

Mzee wa Mwanga:
Hapo ni kesi nyingine. Kwa ubunge, Ibara ya 67 ya Katiba inagusa makosa ya kukosa uaminifu, wizi ukiwemo, na inataja miaka mitano kabla ya uchaguzi mkuu. Ya mtaa yana kanuni zake, hutolewa kabla ya uchaguzi husika. Amwone msaidizi wa kisheria, ni bure, aende na karatasi yake ya kutoka gerezani.

Mama Kasulu:
Mkutano wa mtaa asisubiri kitu, mdogo wangu. Ni mkazi, ana haki ya kusema. Mara ya kwanza nenda naye, mkae mbele.